Masta Ipo Kabatini: Filamu Zetu za Dhihaka Zitaokolewa Majumbani

Mwaka 2010 Nabwana I.G.G., mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alimaliza filamu yake ya mapigano, akaichoma kwenye diski, akaipeleka sokoni, kisha akaifuta kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja, ameiunga mwenyewe kwa vipuri. Nafasi ilikuwa imejaa, umeme wa mtaani unakatika na kurudi kwa nguvu ya kuunguza vyombo, na filamu nyingine inasubiri kuhaririwa. Hakudhani kwamba kuna mtu nje ya Wakaliga angekuja kuiulizia ile ya mwanzo. Kwa hiyo Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo baadaye ilitazamwa na mamilioni ya watu kupitia YouTube, haina masta, yaani nakala mama. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie, ikiwa imegandamana na picha kiasi kwamba huwezi kuitoa.

Miaka tisa baadaye, mwaka 2019, hifadhi ya filamu iitwayo American Genre Film Archive, yenye makao yake Austin, Texas, iliitoa filamu hiyo upya kwenye diski ya Blu-ray pamoja na Bad Black, filamu nyingine ya Nabwana ya mwaka 2016. Diski za namna hiyo hutangazwa kwa kusifia picha iliyong'arishwa: negativu imetolewa ghalani, imeoshwa, imepigwa skana fremu baada ya fremu. Hapa hapakuwa na negativu ya kuosha. Chanzo kilikuwa ile ile nakala iliyosalia, na thamani yote ya kazi ilikuwa katika kuikubali hivyo na kuihifadhi isipotee mara ya pili.

Naandika haya nikiwa Mwadui, na naamini jambo hili linatuhusu sisi wa Shinyanga na Geita kuliko linavyowahusu watu wa Texas. Sisi ndio wenye hali ya Wakaliga. Filamu zetu za vichekesho na dhihaka, zile zilizotuchekesha tangu zama za deki hadi zama za CD, nyingi hazikuzaliwa kwenye utepe wa sinema. Zilizaliwa kwenye kanda za video, zikauzwa kama kanda, zikanunuliwa na watu wa kawaida, na sasa zinafia kwenye makabati ya watu hao hao. Anayetafuta masta asiende mbali. Masta iko sebuleni, chini ya runinga, au juu ya kabati pamoja na kalenda za zamani.

Mwadui inajua maana ya kutunza kitu. Dk. John Thorburn Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipata almasi hapa mwaka 1940 kwenye mwamba ambao eneo lake la juu lina ukubwa wa hekta 146. Oktoba 1947 ilitoka hapa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, akapewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa malkia. Mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikaipachika kwenye pambo la kifuani. Jiwe lile linajulikana lilikotoka, uzito wake kabla na baada ya kukatwa, na mkono uliolipokea. Ukiuliza leo kanda ya kichekesho iliyowakusanya watu Maganzo, jirani yetu, miaka ya tisini ilitengenezwa na nani, mwaka gani, na nakala ngapi zimebaki, hakuna kitabu utakachofunuliwa.

Na Mwadui ina mtu wake kwenye historia ya filamu zetu. Mwigizaji Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaja sekondari hapa Mwadui kwenye shule ya Walutheri, kabla ya kuhamia Dar es Salaam na kuingia kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, nchi ilisimama. Watu wengi wanamkumbuka kwa filamu za machozi na mapenzi. Mimi namkumbuka pia kwa Uncle JJ, ambamo alikubali kuwa kijana mtanashati anayeshindwa na watoto wadogo, na akaacha watoto hao wamtie aibu mbele ya kamera kwa dakika nyingi bila kujihurumia. Msanii mkubwa anayekubali kuchekwa ni nadra. Filamu hiyo, kama nyingine za wakati wake, iliingia majumbani kwa diski, na diski hizo sasa zinachubuka.

Kabla ya hapo, picha zilitufikia kwa njia nyembamba. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini mawimbi yake hayakufika Usukumani. Kwa hiyo katika miji ya migodi, Maganzo, Kahama, Geita na kwenye machimbo madogo yaliyotapakaa katikati, video ndiyo ilikuwa sinema, televisheni na ukumbi wa maigizo kwa pamoja. Banda la turubai au mabati, benchi za mbao, jenereta nje, deki moja na runinga moja iliyofungiwa kwenye kreti ya chuma. Watu waliliita kibanda umiza, na walijaa humo kwa sababu kulikuwa na kitu ambacho redio haikuweza kutoa.

Kitu hicho, kwa sehemu kubwa, kilikuwa dhihaka. Usukuma una mizizi mirefu ya dhihaka. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimeshindana vizazi kwa vizazi kwa kuchapana maneno mbele ya umati, kila upande ukimfanya manju wa upande wa pili aonekane mtu wa kusikitikiwa. Watu waliolelewa kwenye mashindano hayo hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kumtazama mchekeshaji King Majuto akiwa mzee bahili anayetaka mke mdogo, au Mzee Small akiwa mjanja anayeangushwa na ujanja wake. Majuto, jina lake halisi Amri Athumani, mtu wa Tanga, alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Mzee Small, Said Ngamba, alimtangulia Juni 2014. Walitucheka sisi wenyewe: mwenye nyumba, mganga wa uongo, kiongozi wa mtaa mwenye mhuri mfukoni, shehe na mchungaji wenye tamaa, kijana aliyerudi kutoka mjini na Kiingereza cha kubahatisha. Hiyo ni kumbukumbu ya jamii kwa namna ambayo hotuba za viongozi haziwezi kuwa. Hotuba hutuambia serikali ilitaka tuwe nani. Kichekesho hutuonyesha tulikuwa nani mchana kweupe.

Sasa itazame kanda yenyewe, kwa sababu hapa ndipo suala linapokuwa la mkono na jicho. Nilionyeshwa moja Maganzo. Ganda la plastiki jeusi, lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Jina la kwanza limekatwa, la pili limeandikwa juu yake, na la tatu pembeni, maana yake kanda ilirekodiwa zaidi ya mara moja. Kile kijino cha plastiki cha mgongoni kinachozuia kurekodi kimevunjwa, halafu tundu lake limezibwa kwa selotepu ili kanda irekodike tena. Kwenye kidirisha, ukingoni mwa utepe uliojiviringa, kuna utandu mweupe. Huo ni ukungu. Mwenye kanda alikuwa tayari kuitia kwenye deki palepale ili nione kama inacheza. Nilimsihi asifanye hivyo, na sababu inafaa ijulikane na kila mwenye kanda.

Utepe wa VHS una upana wa nusu inchi. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma, zikishikiliwa na gundi. Picha imeandikwa kwa mistari ya mshazari katikati ya utepe, na deki huisoma kwa kichwa kinachozunguka mara 25 kila sekunde. Sauti ya kawaida haiko huko katikati. Imeandikwa kwenye ukanda mwembamba ukingoni. Na ukingo ndio unaoota ukungu kwanza, ndio unaojikunja deki mbovu inapomeza kanda, ndio unaochubuka. Ukiingiza kanda yenye ukungu kwenye deki, uchafu unapanda kwenye kichwa, kichwa kinakwangua utepe, na kanda safi utakayoiweka baadaye nayo inaambukizwa. Picha inaweza kubaki na chenga chache tu, ilhali sauti imekwisha. Kwa filamu ya mapigano labda utavumilia. Kwa kichekesho cha Kiswahili, ambacho uhai wake wote uko katika namna Majuto anavyovuta neno na kulikata, umebaki na mtu anayefungua na kufunga mdomo.

Ndiyo maana narudi tena kwa VJ Emmie. Uganda humwita mtu wa kazi yake VJ. Kenya wana DJ Afro. Tanzania tulikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake ya kutafsiri filamu za kigeni ilisambaa kwa kanda nchi nzima. Kazi yao ilikuwa zaidi ya kutafsiri. Stelingi wa Hong Kong alipewa ukoo na tabia za mtaani, adui akapewa mdomo wa kondakta wa daladala, na upuuzi wa hadithi ukatajwa kwa jina lake bila kumwogopa aliyeitengeneza. Filamu ya kigeni iliyoingia bandani ikiwa na uzito wote wa Hollywood ilitoka ikiwa dhihaka ya Kiswahili. Wataalamu wa hifadhi waliofundishwa kutafuta "filamu halisi" wangeichukulia sauti ile kuwa takataka iliyorundikwa juu ya kazi ya mtu mwingine. Yaliyotokea kwa Captain Alex yanaonyesha kinyume. Toleo lisilo na msimulizi limepotea kabisa, na dunia imeipenda filamu hii kwa sababu ya sauti hiyo. VJ Emmie anashangilia, anamkejeli stelingi, anaitangaza Uganda, anakumbusha watazamaji kwamba wanatazama filamu. Hadithi yenyewe haimtaji kamwe aliyemuua Kapteni Alex, na sauti yake ndiyo inayoifanya kasoro hiyo iwe sehemu ya raha. Kuikarabati filamu hiyo ni kuikarabati sauti hiyo pamoja nayo.

Tofauti na hali yetu inaonekana ukitazama filamu za dhihaka zilizokuwa na bahati. Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968, ni hadithi ya Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiye na kazi, anayepokea hawala ya fedha kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanamtaka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ambayo hakuna aliyeiandika. Wakati anazunguka ofisi, majirani wanakopa kwa jina la fedha ambayo hajaishika. Mtanzania aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho cha taifa ili laini yake ya simu isifungwe atamwelewa Dieng bila tafsiri. Filamu hiyo ilikarabatiwa mwaka 2019 na kampuni ya StudioCanal ya Ufaransa, na mwaka 2021 ikauzwa kwa diski na kampuni ya Criterion ya Marekani. Iliwezekana kwa sababu vifaa vyake vya asili vilikuwa vimetunzwa.

Lakini hata matajiri hupoteza. Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1964, dhihaka kuu ya majenerali wanaoanzisha vita vya nyuklia huku wakijadiliana kwa adabu, negativu yake ya asili haipo tena. Peter Sellers aliigiza watu watatu katika filamu hiyo, na hakuna kati yao anayeweza kuonekana leo kutoka kwenye utepe uliopita ndani ya kamera. Waliokarabati walilazimika kujenga upya kwa kutumia nakala zilizotokana na negativu hiyo zamani. Ni kazi ile ile ya kukusanya kilichosalia, isipokuwa wao walikuwa na nakala nzuri za maabara na fedha za kampuni kubwa ya sinema. Nimelitaja hili kwa sababu wapo watu kwetu wanaodhani kanda zetu hazifai kuhangaikiwa kwa kuwa "si orijino". Kama Kubrick ameokolewa kutoka kwenye nakala, hatuna sababu ya kuona haya.

Kwa upande wetu hasara ilianza mapema sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, kwenye milima iliyo juu ya Korogwe, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35 hivi. Zinazojulikana kusalia, zikiwa kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, ni tatu: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, moja ya mashamba ya Kingolwira. Nyingine zimebaki kama majina kwenye ripoti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, zikaja filamu za Kiswahili zenye hadithi, na mojawapo ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, kisa cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na fedha zake na kukutana na wajanja wa mjini. Stelingi wake alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Kawawa yule yule, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika Januari 1962, aliyefariki tarehe 31 Desemba 2009 akiwa mmoja wa wazee wa taifa. Alicheza pia katika Meli Inakwenda. Nchi ambayo Waziri Mkuu wake aliwahi kuwa mwigizaji wa kichekesho cha Kiswahili ilipaswa kuionyesha filamu hiyo kila mwaka kwenye televisheni ya taifa, na watoto wa shule wangepaswa kuijua kama wanavyoijua picha yake kwenye vitabu vya historia.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua jambo ambalo watunza filamu wanahitaji kulijua. Mawe yakishatoka duarani, yakasagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, mchanga unaobaki hautupwi. Unaitwa marudio. Mwenye mtambo wa kuchenjua anaununua, anautia kwenye matangi, na dhahabu iliyoponyoka mara ya kwanza inatoka. Nakala ya tatu ya kanda ya VHS, iliyorekodiwa kutoka kwenye nakala ya pili, ni marudio. Kuna kitu ndani yake bado, ila njia ya kukitoa ni tofauti, na ukiharakisha unakimwaga.

Njia yenyewe haihitaji maabara ya Ulaya. Inahitaji deki nzuri, na deki ni mali adimu sasa: VHS ilianzishwa na JVC ya Japani mwaka 1976, na kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizo, Funai, iliacha Julai 2016. Kila deki inayouzwa leo kama chuma chakavu kwa kilo inatufungia mlango mmoja. Mafundi wa vifaa vya umeme wa Shinyanga na Kahama waliojifunza kazi enzi hizo bado wanajua kusafisha kichwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kubadili mkanda wa mpira uliolegea, kusawazisha njia ya utepe ili mistari ya chenga iondoke chini ya picha. Ujuzi huo hauko vyuoni. Uko kwenye mikono ya watu waliofika miaka hamsini na sitini, na haujaandikwa.

Kanda yenye ukungu isafishwe kwanza nje ya deki, ikiwa kavu, na mtu aliyeziba pua na mdomo, kwa sababu vumbi la ukungu linaumiza mapafu. Ikishapona, ichezwe mara moja tu, na mara hiyo hiyo iwe ya kurekodi kwenda kwenye kompyuta. Usikate mwanzo wala mwisho. Matangazo ya kanda nyingine, namba ya simu ya duka la Kariakoo, salamu za mtengenezaji, hata ile sekunde ya weusi kabla ya jina la filamu, vyote ni ushahidi wa nani alitengeneza na lini. Picha ya kasha ipigwe mbele na nyuma. Kama kuna stempu ya Mamlaka ya Mapato, ipigwe picha pia, kwa kuwa stempu hizo zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, na zinatusaidia kujua umri wa nakala.

Kwa CD za video mambo ni mepesi zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu bila kujua. VCD ina picha ndogo, pikseli 352 kwa 288, na inabeba dakika 74 hadi 80. Ndiyo sababu filamu zetu zilikatwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ndani ya diski kuna folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili lenye herufi DAT mwishoni. Faili hilo ndilo filamu. Linakiliwe lilivyo, lisibadilishwe kuwa kitu kingine ili liingie kwenye WhatsApp. Kila ugeuzaji unaondoa kitu kisichorudi, na picha ya VCD haina cha ziada cha kuondolewa.

Na kuna kishawishi kipya. Programu za akili bandia sasa zinaahidi kuigeuza kanda ya zamani iwe na picha kali kama ya simu ya mwaka huu. Nimeziona kazi hizo. Uso wa mwigizaji unalainishwa mpaka unakuwa wa mtu mwingine, makunyanzi ya mzee yanafutwa, meno yanaongezwa, maandishi ya ukutani yanageuka kuwa herufi za lugha isiyokuwepo. Uso wa King Majuto ulikuwa nusu ya kichekesho. Mashine isiyomjua ikimtengenezea uso mpya, imemwibia. Anayetaka kujaribu afanye hivyo kwenye nakala ya pembeni, na faili la kwanza libaki bila kuguswa.

Suala la haki lisemwe waziwazi. Wengi wa watengenezaji wetu waliuza kazi zao moja kwa moja kwa wasambazaji, masta na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, na familia nyingi za wasanii waliofariki hazina karatasi hata moja mkononi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 bado inazilinda filamu hizo. Kuokoa nakala iliyo nyumbani kwako isioze ni jambo moja, kuipakia YouTube na kuvuna fedha za matangazo ni jambo jingine, nalo ni wizi ule ule uliowaua wasanii hao kwa umaskini. Nabwana na wenzake walikuwa wakiuza diski zao mkononi, nyumba kwa nyumba, kwa siku chache kabla wezi wa nakala hawajawafikia. Filamu za kigeni zilizosimuliwa na kina Lufufu zina utata wake zaidi, kwa sababu picha ni ya mtu na sauti ni ya mtu mwingine, lakini utata wa umiliki haujawahi kuzuia ukungu kuota. Kwanza kanda ipone, kisha wanasheria wakae.

Ndiyo maana kazi hii inahitaji mahali pa umma. Bodi ya Filamu Tanzania ina jukumu la kukuza na kusimamia tasnia hii, na halmashauri zetu, Kishapu, Shinyanga, Kahama, Geita, zina maafisa utamaduni. Chumba kimoja kwenye maktaba ya mkoa, deki mbili zinazofanya kazi, kompyuta moja, diski kuu mbili zinazowekwa majengo tofauti, na fundi mzee mmoja anayelipwa kufundisha vijana wawili. Kwa mkoa ambao ardhi yake imetoa almasi tangu 1940 na kwa jirani yake anayechimba dhahabu usiku na mchana, gharama hiyo ni ndogo kuliko ya tamasha moja la siku moja. Naiomba Bodi ianze na ukanda huu, ambako wanunuzi wa kanda walikuwa wengi na vumbi ni kali, kabla ya kujenga jumba kubwa lolote Dodoma au Dar es Salaam.

Wewe msomaji usingoje chumba hicho. Kama una kanda au diski ya vichekesho iliyonunuliwa Maganzo, Kahama au Geita, iondoe juani na mbali na spika zenye sumaku. Kanda isiyo na ukungu irudishe mwanzo kabisa, kisha isimamishe wima kama kitabu, ndani ya kasha lake. Andika kwenye karatasi ilinunuliwa wapi, mwaka gani unaokumbuka, na nani alikuwa akiitazama, uitie ndani ya kasha. Usiicheze ili kujaribu. Na ikishanakiliwa, akija mtu kuiomba mpe faili, kanda ibaki kwako.